Mke wa Mti

Alhamisi moja ya mwezi wa Oktoba, Zelipa Jere alikaanga vitumbua mapema kuliko kawaida, akamaliza kuviuza kabla ya saa nne, akaoga, akavaa kitenge cheusi ambacho alikinunua kwa ajili ya msiba miaka thelathini na moja iliyopita na hakikuwahi kufika msibani. Vitumbua viwili vilivyobaki akavifunga kwenye kitambaa, akavitia mkobani. Kisha akaenda katikati ya Lusaka kutazama picha.

Habari ya picha hiyo alipewa na jirani yake wa Mtendere, Mama Loveness, wakiwa kwenye foleni ya maji.

"Dada yangu anafagia kule Jumba la Sura," Mama Loveness alisema. "Anasema kuna gari ndani ya picha. Kila siku saa kumi na moja linapiga honi, ndiyo wanajua muda wa kufunga umefika."

"Linapigaje?"

"Mbili fupi, moja ndefu."

Ndoo ya Zelipa ilijaa ikafurika, watu wa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Mumewe Yobe, alipokuwa dereva wa serikali, alikuwa akifika kwenye kona ya nyumbani anapiga honi mbili fupi, moja ndefu, ili mkewe aanze kusonga nshima. Zelipa hakuwahi kumsikia dereva mwingine akipiga hivyo.

"Picha ya nani?" aliuliza.

"Ya yule waziri wenu," Mama Loveness alisema, kisha akakumbuka anaongea na nani, akainama kutazama maji.

Jumba la Taifa la Sura limejengwa nyuma ya mijakaranda, lina ngazi tisa za mawe na vyumba vinne. Humo zimewekwa sura za watu waliolitumikia taifa. Wafanyakazi wameshazizoea tabia za wakazi wa ukutani. Mzee wa reli hukohoa msimu wa vumbi, huwekewa kitambaa chenye maji. Muuguzi wa kwanza wa Kabwe huomba dirisha lifunguliwe, nalo hufunguliwa. Askofu aliyechorwa akisoma hugeuza ukurasa mmoja kila Jumatatu, na sasa zimebaki kurasa kumi na moja. Suala la kitabu kingine limewahi kujadiliwa, likaahirishwa.

Mlangoni alikuwepo mlinzi mmoja, mtu wa makamo aitwaye Kangwa, Mbemba wa Kasama. Mbele ya Zelipa walisimama wanafunzi kama ishirini pamoja na mwalimu wao, Mngoni wa Chipata.

"Mwalimu, hawa watoto umewakagua?" Kangwa alikuwa akiuliza. "Picha zetu ni za turubai. Wakiachia panya mmoja humu ndani, kesho hatuna taifa."

"Panya tumeshawala njiani," mwalimu alijibu. "Wewe chunga nyani wenu, hao mliowavika tai mkawatundika."

Kangwa alicheka hadi akajifuta macho kwa kofia. Zelipa naye alicheka, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kilichokaa muda mrefu bila kuvaliwa.

"Na wewe Ambuya, bibi yetu," Kangwa alimgeukia, "hiyo shingo ya maringo ni ya wapi? Usiniambie. Mashariki."

"Mngoni."

"Nilijua. Fungua mkoba. Nikiona mkia, mmoja tu, unarudi kwenu."

Zelipa alifungua. Kangwa akainua kitumbua kimoja, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hiki mbona kina masharubu?"

"Hayo ni ya mjomba wako," Zelipa alisema. "Alikuja kuniibia mahindi, nikamkaanga."

Hakuwa amesema maneno ya namna hiyo kwa miaka thelathini na moja, lakini yalimjia yenyewe. Kangwa alipiga meza kwa kiganja, akamsogezea daftari la wageni. Zelipa aliandika taratibu, kwa herufi kubwa: Zelipa Jere, mjane wa Yobe Jere, dereva.

Kangwa alisoma. Akarudia kusoma. Kisha akasimama, akavua kofia, akakirudisha kitumbua kwenye kitambaa kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mama," alisema. "Pita bila wasiwasi. Kama utachoka, chumba cha tatu kuna kiti."

Zelipa alifunga mkoba wake. Heshima hiyo aliijua.

Wangoni na Wabemba walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakaanza kutukanana, na matusi hayo yakawa ndiyo undugu. Mngoni huitwa mla panya, Mbemba huitwa nyani. Mtani wako atakutukana harusini kwako. Ukifa atachimba kaburi lako, atabeba jeneza, atamsemesha maiti kwa ukali kwamba aache uvivu, aamke. Lakini Waziri Anselmi Chipasha, Mbemba mkubwa, alipotumbukia na gari lake kutoka darajani, akafa mtoni pamoja na dereva wake, gazeti liliandika kwamba dereva alikuwa mzembe. Kwenye msiba wa Yobe hakutokea mtani hata mmoja. Kaburi lilichimbwa na ndugu zake wa tumbo moja, kwa aibu, kama watu wanaofukia mbwa. Na Zelipa alipokwenda kwenye msiba wa waziri kulia kilio cha mtani, alizuiwa mlangoni.

Tangu siku hiyo kila Mbemba aliyesikia jina lake alimpa heshima. Hospitalini walimpisha kiti. Sokoni walinunua vitumbua bila kusema vinanuka panya. Binti yake alipoolewa na kijana wa Kibemba huko Kitwe, wakwe walizungumza naye siku tatu nzima kama watu waliofika mbele ya hakimu. Huwezi kumtania aliyekuulia mkubwa wako. Unampa heshima, basi. Zelipa alikuwa na miaka sabini na mbili, na alichotaka kabla ya kufa kilikuwa kimoja tu: maneno yale ya uzembe yafutwe, ili watu wamtukane tena.

Picha ya waziri ilikuwa peke yake kwenye ukuta wa mbele wa chumba cha tatu. Anselmi Chipasha alisimama kando ya gari jeusi, tumbo mbele, koti la kijivu, mkono mmoja mfukoni. Nyuma yake, karibu na mlango wa gari, palikuwa na mti wa matunda ya porini, musuku. Chini paliandikwa jina lake na cheo chake, Waziri wa Barabara, na mwishoni: Alifariki kutokana na uzembe wa dereva wake.

Zelipa alisoma kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akautazama mti.

Picha hiyo ilichukua siku kumi na mbili kuchorwa, mwezi mmoja kabla ya ajali. Mchoraji alitoka Kabwe. Alitaka Yobe asimame ameushika mlango wa gari, na kila jioni Yobe alirudi nyumbani mkono umekufa ganzi, Zelipa akamkanda kwa maji ya moto. Baada ya ajali mchoraji aliambiwa amtoe dereva. Hakuwa na muda, kwa hiyo akapaka mti juu yake. Mti huo huzaa kila Oktoba. Matunda huanguka sakafuni, na dada yake Mama Loveness huyakusanya akawapelekea watoto. Wanasema ni matamu, ila yananukia rangi kidogo.

Tawi la kushoto la mti lilipinda katikati na kutokea nje. Yobe alivunjika kiwiko cha kushoto akicheza mpira kabla hawajaoana, na mfupa uliunga hivyo hivyo.

Wanafunzi walikuwa wamekaa sakafuni wakiandika. Zelipa alipiga magoti mbele ya picha, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, kama inavyotakiwa mbele ya mkubwa. Alipomaliza salamu aliinuka, akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Wewe nyani wa Kasama," alisema. "Miaka thelathini na moja umesimama hapo unangoja nini? Ndizi?"

Macho ya Anselmi Chipasha yaliteremka.

"Nani kamruhusu mla panya kuingia?" alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajanywa maji siku nyingi.

"Nimekuja kukulilia. Siku ile watu wako walinifungia mlango. Nisikilize basi. Ooo, amekufa mwenye tumbo. Nani atamaliza pombe ya Kasama? Nyani wa kaskazini wamefanya sherehe wiki nzima, kwamba mlaji wao kalala."

"Unalia vibaya," Chipasha alisema. Alitoa mkono mfukoni. "Wangoni hata kulia hamjui. Babu zenu walikuja nchi hii mbio, na mpaka leo mnahema."

"Mbio tulikuwa tunawafukuza nyie."

"Mlipotufikia mkala nini? Panya wetu."

"Kwa sababu nyani mlikuwa mmeshawamaliza."

Waziri alianza kucheka. Tumbo lilitikisika, vipande vidogo vya rangi vikadondoka kwenye fremu. Ilionekana wazi kwamba naye hakuwa ametukanwa siku nyingi. Wageni wa jumba lile walipofika mbele yake walisoma jina, wakainamisha vichwa, wakapita.

Zelipa hakucheka. Alilitazama gari.

"Gari zuri," alisema. "Zuri kwa kusimama kando yake ukapigwa picha. Maana nyani mti anaupanda, lakini usukani haujui. Ulikuwa unabebwa tu, wewe, kama gunia la mihogo. Mume wangu anakupakia, mume wangu anakushusha."

"Nani gunia?"

"Gunia. Kasama nzima wanajua. Waziri wa Barabara asiyejua barabara inaendeshwaje."

Mbemba aliyelelewa kwao anaweza kunyamazia mambo mengi, lakini tusi la Mngoni halali bila jibu. Chipasha alitoka kando ya gari, akaja mbele kabisa, mpaka koti lake likagusa fremu.

"Sikiliza, mama panya," alisema. "Kutoka Kapiri hadi lile daraja niliendesha mwenyewe. Mkono huu usukani, mkono huu chupa. Nani mwingine nchi hii angeweza? Huyo Jere wako nilimweka nyuma, amekumbatia koti langu, kazi yake kusema tu: Bwana, taratibu. Bwana, taratibu. Njia nzima. Mngoni mwoga namna ile sijapata kuona."

Tunda moja la musuku lilidondoka sakafuni, likaviringika hadi kwenye kiatu cha mwalimu.

"Asante, mtani," Zelipa alisema.

Chipasha alisimama kidogo, akarudi kando ya gari, akaurudisha mkono mfukoni.

Msichana mmoja alinyoosha kidole. "Mwalimu, na hayo tuandike?"

"Andikeni rangi ya koti," mwalimu alisema. "Hayo mengine hayamo kwenye mtihani." Lakini alimpelekea Zelipa kile kiti, akamshikia mkoba mpaka akakaa.

Msimamizi wa jumba, Daktari Namukolo, alikuwa amesimama mlangoni tangu lile tusi la ndizi. Alikuwa Mlozi, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ugomvi wa Wangoni na Wabemba haukumhusu.

"Nimesikia," alisema.

"Basi yafute yale maneno," Zelipa alisema.

"Kama ningekuwa na uwezo huo ningeyafuta leo. Lakini utaratibu wetu, mama, picha haiwezi kutoa ushahidi juu ya mtu aliyemo ndani yake. Tungeruhusu, yule askofu asingebaki na heshima. Tunahitaji karatasi."

"Karatasi walizishika wao."

"Najua. Maombi yanakwenda kwa kamati. Mwenyekiti wa kamati ni mwana mkubwa wa mheshimiwa huyu." Alionyesha kwa kidevu juu, kwenye dari. "Na hili bati jipya ni yeye katuwekea. Mvua zilikuwa zinawaharibu wote."

Wote wawili walilitazama bati. Lilikuwa bati zuri.

"Niandikie hayo maombi," Zelipa alisema.

Daktari Namukolo alileta fomu, akakaa sakafuni karibu na kiti cha Zelipa, akawa anauliza na kujaza. Jina. Umri. Mtaa.

"Uhusiano wako na aliyemo pichani?"

"Mke."

"Wa mheshimiwa?"

"Wa mti."

Daktari Namukolo aliitazama picha, akalitazama lile tawi lililopinda, akaandika: mke wa mti. Akaomba saini. Alieleza kwamba kamati hukaa mara moja kwa mwaka, na mwaka huu ilikwisha kukaa.

Saa kumi na moja ilipokaribia, mwalimu aliwaondoa wanafunzi. Kangwa aliingia na rundo la funguo, akaanza kufunga madirisha. Alipopita mbele ya Zelipa aliinama kidogo.

"Leo usitafute funguo," Zelipa alimwambia. "Kaa hapa utazame."

"Mama, tunafunga."

"Umekaa humu miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Honi ikilia wewe huwa unafanya nini?"

Kangwa alifikiri. "Nahesabu madirisha," alisema.

Alisimama nyuma ya kiti cha Zelipa, kofia mkononi, na Daktari Namukolo akasimama kando yake. Saa ya ukutani ilipofika kumi na moja kamili, tawi la kushoto la mti lilinyooka, likaingia dirishani mwa gari, likapiga honi. Mbili fupi. Moja ndefu. Zelipa alianza kuinuka kitini, kama mtu aliyekumbuka kwamba maji yanachemka jikoni.

Anselmi Chipasha alijinyoosha, akageuka, akanyoosha kiganja. Mti haukumpa kitu. Alikitikisa kiganja mara mbili, kwa ukali, na tawi likaweka funguo juu yake polepole. Waziri akavua koti, akalitundika kwenye tawi, akazunguka, akaketi kwenye usukani. Mti ulijikunja, majani kwanza, ukaingia kiti cha nyuma, ukafunga mlango. Gari likaondoka kwa kasi, likatoka nje ya fremu upande wa kulia. Kwenye kioo cha nyuma yalionekana majani tu, na tawi moja likiwa limeshikilia koti.

Fremu ikabaki na barabara tupu na vumbi. Ndivyo ilivyokuwa kila jioni. Asubuhi, saa mbili, wote walikuwa wamerudi mahali pao, na mfagiaji alipangusa vumbi lililomwagikia sakafuni.

"Ana mwendo," Daktari Namukolo alisema. Akaichukua ile fomu, akaenda kuiweka kwenye faili.

Zelipa alitembea mpaka mlangoni. Kangwa alimfuata. Zelipa alipofika mezani alisimama, akafungua mkoba wake mwenyewe bila kuambiwa, akauweka wazi chini ya taa.

"Si mnakagua na wanaotoka?" alisema.

Kangwa aliinama, akatazama. Vitumbua vilikuwa palepale kwenye kitambaa, viwili. Alivitazama muda mrefu. Midomo yake ilifunguka upande mmoja, ule upande aliocheka nao asubuhi. Zelipa alisubiri. Alijiweka sawa, shingo juu, kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji siku ya joto.

Kangwa aligeuka akatazama nyuma, kule chumba cha tatu. Taa ilikuwa bado inawaka juu ya ile fremu tupu, na yale maneno ya uzembe chini yake bado yalisomeka mpaka mlangoni.

"Nimeona, mama," alisema. "Kwa macho yangu nimeona."

Akaufunga ule mkoba, akampa kwa mikono miwili, akamtangulia kufungua mlango.

"Ngazi hizi zina utelezi," alisema. "Naomba nikushike mkono."

Akamteremsha taratibu, ngazi zote tisa, kwa heshima kubwa.